Mashuka ya Nyumba ya Mbele

Trandafira alikuwa na nyumba mbili, na aliishi katika ile ndogo. Ya mbele, inayotazama barabara, ilikuwa ya ghorofa, nyeupe, yenye ngazi za marumaru na simba wawili wa saruji langoni, mmoja amefumba mdomo, mwingine ameachama kama anayesubiri kulishwa. Ya nyuma ilikuwa jiko la nje: chumba kimoja, kitanda cha chuma, jiko la kuni, dirisha linalotazama kisima. Humo ndimo alimopika, alimolala, alimozeekea. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mwanawe Milutin, aliyekuwa akifanya kazi ughaibuni, Vienna, na hapa kwetu kando ya mto Mlava jambo hilo halimshangazi mtu. Barabara nzima iko hivyo. Mbele yamepangana majumba yaliyofungwa, nyuma wamo wazee na moshi wao.

Mimi niliolewa nyumba ya jirani. Kati ya uwanja wetu na wake palikuwa na ua wa mbao tu, kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona, au aliniambia mwenyewe akiwa ameegemea ule ua, mikono yake imelowa.

Mikono ile ilikuwa imelowa siku zote. Trandafira alikuwa akifua vitanda visivyolaliwa. Kila chumba cha nyumba ya mbele kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, na kila Pasaka ilipokaribia, na kila kiangazi, na tena kabla ya theluji, alivivua vyote, akafua, akaanika, akapiga pasi, akatandika upya.

"Nani kayachafua mashuka haya?" nilimuuliza mwaka ule niliofika, nikiwa bado bibi harusi na mdomo wangu haujafunzwa adabu.

"Vumbi," akasema. "Vumbi nalo ni mgeni, Rumena. Tena linalala bila kuomba ruhusa."

Alifua yote kwa sabuni yake mwenyewe. Hakununua ya dukani. Wakati wa baridi, watu wakishachinja nguruwe, alikusanya yale yasiyotakiwa na mtu: mafuta yaliyochacha, ngozi, makapi yanayobaki chini ya sufuria. Wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima alilitoa sufuria lake kubwa la chuma, akawasha moto chini ya mti wa mlozi, akatia maji, mafuta, na kostiki, ile chumvi nyeupe inayokula nyama ya mtu kama haikuangaliwa. Alikoroga kwa mwiko mrefu, upande mmoja tu tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Kwetu jicho la mtu huikata sabuni, ikabaki mafuta juu na maji chini. Mimi nilipotaka kuzungumza naye siku hizo niliupa ua mgongo, nikaongea huku nikitazama kuku wangu.

Ikishaganda aliikata vipande kwa waya, akavianika darini. Vikikauka alivikwaruza kwa kile kikwaruzio cha kabichi, akavichemsha na magadi na maji mpaka vikawa kama uji mzito, akaujaza uji huo kwenye mapipa ya plastiki. Ndiyo ilikuwa sabuni yake ya kufulia. Ilinuka nguruwe kwa mbali, na moshi, na kitu kingine nisichokijua jina, labda ni uvumilivu.

Hakuwa mchoyo, ingawa barabara nzima ilimwita hivyo. Aliwahi kuombwa sabuni na barabara hii hii, miaka ile nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara, maduka yalipobaki na rafu tupu na watoto wakaanza kujikuna. Alimkatia kila mtu kipande, wala hakuuliza kitu. Siku hizo watu walimwamkia toka ng'ambo ya daraja. Maduka yalipojaa tena, walikumbuka kwamba ananuka.

Alichokuwa nacho ni hesabu moja kichwani, na hesabu hiyo haikuwa ya fedha. Milutin alipiga lipu majumba ya watu Vienna, mkewe Verica alisugua ngazi za maghorofa huko huko, na kila walichoweza kukibana kilikuja kuwa dirisha, mlango, kigae. Trandafira naye akabana upande wake. Sabuni asiyoinunua ilikuwa kigae kimoja, aliniambia. Alitaka nyumba iishe, kwa sababu maadamu haijaisha, hailaliwi.

Hilo ndilo lililomla. Kila Agosti, magari ya Vienna yanapoingia kijijini kwa honi na vumbi, Milutin na familia yake walikuja pia, lakini walilala kijiji cha pili, kwa wazazi wa Verica, waliorudi kutoka huko uzeeni. Mwanzo Verica alisema nyumba haina bafu. Bafu likajengwa. Akasema haina kiyoyozi. Kikaletwa. Akasema rangi bado inanuka. Milutin alikuja peke yake asubuhi, akakaa jikoni kwa mama yake, akanywa kahawa, akapanda juu kutazama vyumba, akashuka, akaondoka. Na kila mwaka Verica alituma maboksi ya sabuni ya unga, yenye picha ya mlima na maua. Trandafira aliyapanga bafuni kule juu bila kuyafungua, boksi juu ya boksi, mpaka yakafika kwenye kioo.

Hata mumewe, Paun, hakuwahi kulala mle. Aliyechanganya saruji ya msingi ule kwa mikono yake alikufa kwa mapafu kwenye kitanda cha chuma cha jikoni. Walipotaka kumhamishia mbele, kwenye joto, alikataa. "Msinipeleke kule," alisema. "Nitachafua mashuka."

Mwaka ninaousimulia, simu ililia wiki ya pili ya Kwaresima. Trandafira alikuwa uwanjani, na kwa ajili ya sikio lake alikuwa ameweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama, Dijana anaolewa," Milutin akasema.

Dijana ni binti yake, mjukuu pekee wa Trandafira.

"Na nani?"

"Kijana wa huku huku, lakini wazazi wake ni wa kwetu, wa upande wa mto Danube. Watu wazuri. Harusi ni Agosti, mama. Huko, nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sasa mama, nyumbani ni wapi? Kwenye nyumba. Tutaweka hema uwanjani. Sisi tutalala hapo, na wazazi wa kijana, na mashangazi. Vyumba vyote."

Trandafira akakaa kwenye ukingo wa kisima. "Verica amekubali?"

"Dijana ndiye anayetaka. Anasema anataka kutokea kwenye nyumba ya bibi yake."

Simu ilipokatika alibaki ameishika kifuani. Halafu akaniita, ingawa nilikuwa pale pale.

"Umesikia, Rumena?"

"Nimesikia, Mama Trandafira. Hongera."

"Vyumba vyote," akasema. "Akilala mle usiku mmoja tu, Milutin wangu, hatapenda kuondoka. Mimi namjua. Nimemzaa."

Sabuni ya mwaka ule alikwisha kuipika kabla ya mfungo, kama kawaida, lakini ilikuwa ya kutosha vitanda tu. Sasa palikuwa na mapazia, taulo, vitambaa vya meza, mablanketi ya wageni.

"Si kuna yale maboksi ya Verica?" nikamwambia.

"Hayo ni yake. Aliyaleta kwa ajili ya nyumba yake. Aje ayakute yamefunguliwa, nusu hayapo? Atasema tulijilia vyake kabla hajafika."

Akazunguka kijiji na ndoo. Mafuta ya nguruwe hayakutosha, maana watu walikwisha kutupa mabaki yao. Mwenye mgahawa wa barabara kuu akampa mafuta meusi ya kukaangia, ya alizeti na ya sijui nini. Akayachanganya yote. Kostiki akaipima kwa kikombe kile kile alichopimia miaka yote, cha kahawa, kilichomeguka mdomo. Nikaupa ua mgongo, nikasikia mwiko unazunguka.

Sabuni ilitoka nyeupe kuliko zote alizowahi kupika. Aliufurahia weupe huo. Siku chache baadaye nilimkuta darini anaigeuza vipande.

"Umeionja?" nikauliza.

Kila mpikaji wa sabuni huku kwetu huionja. Unagusisha ncha ya ulimi. Ikitulia, imeiva. Ikikupiga kama waya wa umeme, kostiki imezidi, na inarudi kwenye sufuria iongezwe mafuta.

"Ni Kwaresima," akasema.

"Kuonja si kula."

"Ni mafuta ya nguruwe, Rumena. Mkono unaruhusiwa, mdomo hauruhusiwi. Mwaka huu nimemwahidi Mungu kwa ajili ya Dijana: maharage na maji mpaka Pasaka, hata mafuta ya alizeti sigusi. Nivunje nadhiri ya mtoto kwa ajili ya sabuni?"

"Basi niionje mimi. Sifungi kama wewe."

Akanitazama kana kwamba nimetaka kuvaa viatu vya marehemu Paun. Sabuni huonjwa na aliyeikoroga. Ulimi wa mwingine ni sawa na jicho la mwingine. Nilijua hivyo, nikarudisha mkono.

"Ikikaa inapoa," akasema akiendelea kuigeuza. "Mpaka Agosti itakuwa imelala kama mtoto mchanga."

Lakini haikukaa. Wiki ya Mateso, ile ya mwisho kabla ya Pasaka, kwa kuwa hakuweza kukaa bila kufanya kitu na mwili ulikuwa umedhoofika kwa maharage, aliikwaruza yote akaichemsha na magadi. Pasaka ilipofika na mdomo wake ukawa huru, uji ule ulikuwa kwenye mapipa, na magadi nayo huchoma ulimi, kwa hiyo hapakuwa tena na cha kuonja.

Kiangazi kile hakikuleta mvua. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni. Mlava ulipungua mpaka mawe yakaonekana, na kisima cha Trandafira kikawa kinatoa ndoo moja, kisha unasubiri. Alianza kufua mwishoni mwa Julai. Alifua mashuka ya vyumba vyote, mapazia, foronya alizozitarizi mwenyewe maua mekundu pembeni, za kitanda cha bibi harusi. Kwa kawaida alisuuza mpaka maji yawe kama ya kunywa. Mwaka ule alisuuza mara moja.

"Na harufu ibaki kidogo," akaniambia, nikimsaidia kukamua shuka, yeye upande huu, mimi ule. "Wajue ni ya nyumbani."

Verica alipiga simu jioni ile tukiwa bado uwanjani.

"Mama, umefua kwa ile ya boksi, eti?"

"Nimefua, mkamwana, nimefua."

"Kwa ile ya boksi?"

"Yote meupe. Utaona mwenyewe."

Uwanja mzima ulikuwa mweupe kweli. Watu waliopita barabarani walisimama. Mmoja akamtania kwamba Trandafira amepata theluji yake peke yake wakati wenzake wanakaangwa, na Trandafira akacheka, jambo nisilolizoea.

Walifika siku mbili kabla ya harusi, magari matatu. Dijana alishuka wa kwanza, msichana mrefu, mwenye shingo nyeupe na nywele alizozifunga juu kwa sababu ya joto. Kiserbia chake kilikuwa cha kubabaisha, na Kivlahi, lugha ya nyumbani, hakukijua kabisa, lakini alimkumbatia bibi yake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka.

"Bibi, nyumba nzuri," akasema. "Mimi nalala wapi?"

Trandafira akampandisha mwenyewe. Nilikuwa nyuma nimebeba begi. Verica alitangulia mlangoni mwa chumba, akainama juu ya mto, akanusa. Aliinua macho akamtazama mama mkwe wake. Milutin alikuwa amesimama ngazini, anacheka, mkono wake unapapasa ukuta alioupiga lipu yeye mwenyewe likizo moja zamani. Verica akamwona anavyocheka. Akaunyoosha mto, akaurudisha mahali pake.

Jioni Trandafira alitoa kiti nje ya jiko lake, akakiweka mahali asipokiweka siku nyingine, mgongo kwa kisima.

"Rumena, njoo utazame."

"Nitazame nini?"

"Madirisha."

Yalikuwa yanawaka yote. Juu na chini. Ndani watu walipita, kivuli kikavuka pazia, mtu akacheka, bomba la maji likafunguliwa, mlango ukafungwa. Trandafira aliyatazama madirisha yale kama mtu anavyotazama mikate yake ikiumuka. Sijamwona akiwa mzuri vile, kabla wala baada.

Usiku ulikuwa wa joto la kunata. Kiyoyozi kilifanya kazi kidogo, kikazima, kwa sababu umeme wa barabara yetu haukuwahi kupigiwa hesabu ya watu wanaolala mbele.

Asubuhi, Trandafira alikuwa amekwisha kuchoma kahawa na kukanda unga kabla jogoo wangu hajaamua kama kumekucha. Alipanga vikombe kwenye sinia. Alisubiri waamke, na kila alipoona pazia linatikisika alilirekebisha sinia.

Dijana akashuka ngazi za marumaru ameshika shavu. Alipoondoa mkono tuliona. Upande mmoja wa uso wake, toka sikioni hadi kidevuni, ulikuwa mwekundu kama umeungua kwa maji ya moto, na shingoni, pale jasho lilipomtoka chini ya nywele, yalikuwa yameanza malengelenge. Hakulia. Alimtazama mama yake, si bibi yake.

"Nini kimemuuma?" Trandafira akauliza. "Ni nyuki?"

Verica aliigeuza shingo ya binti yake kwenye mwanga. Alipanda juu, akarudi na shuka. Akatumbukiza pembe yake kwenye ndoo ya kisima, akaisugua kati ya vidole viwili. Kisha, mbele yetu sote, akaiweka ulimini.

Verica pia ni mtoto wa kijiji. Mama yake alipika sabuni kama wote.

"Hukuionja," akasema.

"Ilikuwa Kwaresima," akajibu Trandafira.

"Kwaresima." Verica akalirudia neno hilo taratibu. "Mtoto wangu kesho anasimama mbele ya kamera na uso kama nyama ya bucha, kwa sababu ilikuwa Kwaresima. Na maboksi yangu? Nimeyaona bafuni. Nimelijaribu moja, limeganda kama jiwe. Yote yameganda. Unajua nimesugua ngazi ngapi kununua sabuni hiyo, mama? Nilikuwa nakuletea ili usifanye hivi."

"Niliyatunza kwa ajili yako, mkamwana."

"Mimi sitaki kutunziwa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wazazi wangu walinipeleka Vienna nikiwa msichana mdogo, nguo zangu zimefuliwa kwa hii hii. Mwalimu aliniweka dawati la dirishani, peke yangu, dirisha wazi, theluji inaingia. Wenzangu walikuwa wanaguna kama nguruwe nikipita. Unafikiri kwa nini sikulala kwenye nyumba hii? Bafu? Mimi nilikuwa nanusa tu, kila mwaka, kutokea mlangoni."

Milutin alikuwa amesimama kati yao. "Basi, Verica," akasema. Akalichukua shuka mkononi mwake, akaanza kulikunja.

Wakati huo mama wa bwana harusi alitokea roshani akijikuna mikono. "Jamani, hapa kuna viroboto?" akauliza kwa upole wa mgeni.

Kabla ya saa sita mchana magari yalikuwa yamepakiwa. Walihamia hoteli ya mjini, wote, na mashangazi. Daktari alimpa Dijana mafuta ya kupaka, akasema ngozi itarudi, isipokuwa pengine alama kidogo shingoni. Verica alivua vitanda vyote mwenyewe, akayarundika mashuka chini ya mlozi, akaosha mikono yake mpaka viwiko.

Harusi ilifanyika siku iliyofuata. Hema lilisimama uwanjani, bendi ya matarumbeta ilipiga, nguruwe na kondoo walichomwa. Bibi harusi alipakwa poda nzito na alikaa siku nzima akimpa mpiga picha upande mmoja. Vitambaa vya meza vilibaki vile vile kwa kuwa vingine havikuwapo, na habari ilikwisha kuzunguka.

"Tule haraka," mjomba mmoja wa upande wa Danube akasema, amenyanyua viwiko juu, "kabla kitambaa hakijatula sisi."

Meza nzima ikacheka. Mwingine akauliza kama supu nayo imekorogwa na bibi. Trandafira alikuwa ameketi mwisho wa meza ile ile, amevaa nguo yake nyeusi nzuri, mikono ameificha chini, na alitabasamu kama mtu asiyesikia vizuri. Alisikia. Dijana alipokuja kumbusu kabla ya kuondoka, alimpa shavu zima, lile lingine akaligeuzia pembeni. Labda hakukusudia. Labda lilimuuma tu.

Milutin alikuja kuaga baada ya siku tatu, peke yake, kama zamani. Alikunywa kahawa akiwa amesimama. Nilikuwa nachuma pilipili upande wangu na sikuwa na pa kwenda.

"Mama, usifue tena," akasema.

"Nitatumia ya dukani. Nitanunua mpya."

"Hapana. Usifue kabisa. Hakuna haja."

"Na mwakani mkija?"

"Mwakani tunakwenda baharini. Dijana na mumewe wanatafuta nyumba huko Vienna, nimeahidi kuwasaidia. Nitafanya kazi mpaka nizeeke, mama, na nikizeeka daktari wangu yuko kule."

"Na hii?"

Milutin akaitazama nyumba, toka paa hadi simba. Nilidhani atasema itauzwa. Lakini nani ananunua nyumba hapa, ambapo kila mtu anayo na hakuna anayeitaka.

"Hii itakaa," akasema.

Akamwachia ufunguo kama kila mwaka.

Mvua ilikuja Septemba, ikanyesha kana kwamba inalipiza. Kisima kikajaa. Trandafira aliyatoa mashuka chini ya mlozi yakiwa yamejaa majani yaliyooza, akayasuuza yote kwa maji matupu, siku baada ya siku, akayakunja, akayarudisha kabatini. Vitanda havikutandikwa. Magodoro aliyafunika nailoni. Alizungumza nami kama kawaida, juu ya kuku, juu ya bei ya kuni. Nilifikiri amepona, kwa namna wazee wanavyopona, yaani wanaacha kutaja.

Siku moja ya Oktoba nilikwenda kuazima kwake pipa la kuchachushia kabichi. Jikoni hakuwapo, na moto ulikuwa umezimika. Mlango wa nyumba ya mbele ulikuwa wazi. Nikavua viatu, nikapanda ngazi.

Nilimkuta katika chumba cha bibi harusi. Alikuwa amelala ubavu kitandani, amevua kitambaa cha kichwa, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Juu ya godoro palikuwa na shuka moja tu na foronya moja, ile yenye maua mekundu, na nilizijua kwa jinsi zilivyokakamaa: zilikuwa hazijasuuzwa tena tangu harusi. Hizi mbili alizitoa rundoni mapema akazificha, hazikuguswa na mvua wala maji. Shavu lake lilikuwa limegandamizwa kwenye foronya.

"Mama Trandafira. Unaumwa?"

"Siumwi. Nyamaza kidogo."

Nikakaa kwenye kiti. Mchana wa mawingu uliingia dirishani bila pazia. Akasema, bila kugeuka:

"Niko hapa tangu asubuhi. Nilijimwagia maji shingoni kwanza, niwe kama mwenye jasho. Kama yeye."

"Ya nini, Mama?"

"Nataka nijue ilimchoma vipi."

Nje, lori lilipita, simba wakatetemeka.

"Na ikoje?" nikauliza mwishowe.

"Sisikii kitu," akasema. "Nasubiri, sisikii kitu. Ni shuka tu, Rumena. Ni shuka safi."

Akajiinua kwa kiwiko, akakaa, akatafuta viatu kwa miguu. Alipogeuka niliona shavu lake. Lilikuwa jekundu lote, na chini ya jicho ngozi ilikwisha kuinuka, inang'aa. Aliupitisha mkono wake mgumu juu yake kama anafuta unga, akaufunga uso kwa kitambaa chake. Hakukunja uso hata kidogo.

Kisha akatandika. Alilivuta shuka pembe kwa pembe, akalipapasa toka katikati kwenda nje mpaka mikunjo yote ikaisha, akaupiga mto, akaugeuza, akauweka sawa na ubao wa kitanda. Akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mlangoni, akakitazama kitanda kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Inajulikana?" akaniuliza.

"Nini?"

"Kwamba mtu kalala hapo."

Nikatazama. "Haijulikani," nikasema, na kweli haikujulikana.